Mwanafunzi wa Uzamivu Ajue Alichobeba

Haya ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanaokaribia kumaliza masomo na kutafuta kazi.



Kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki mwanafunzi wa uzamivu alikuwa mtu mwenye kiti chake. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, na hata kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, haja kubwa ilikuwa ni kupata walimu wazalendo wa kushika nafasi zilizokuwa mikononi mwa wageni. Kijana aliyefaulu vizuri alibakizwa chuoni, akapelekwa kusoma zaidi ndani au nje ya nchi, na alipokuwa akiandika tasnifu yake alijua kwamba meza, ubao na darasa vinamngoja. Hakuna aliyemwuliza anaweza kufanya nini kingine, naye hakuwa na sababu ya kujiuliza.

Hali hiyo imebadilika. Vyuo vimekuwa vingi, na wanaosoma uzamivu wamekuwa wengi zaidi. Wamo waliopelekwa na waajiri wao, lakini wamo pia wanaojilipia karo kwa mishahara midogo na mikopo, wala hawana kiti kinachowangoja popote. Mwanafunzi wa namna hiyo humaliza tasnifu, huvaa joho, hupigiwa vigelegele na ndugu zake, kisha siku ya pili huamka akiwa na swali ambalo hakulifanyia utafiti hata siku moja: sasa kazi iko wapi?

Jambo hili halikuanzia Afrika. Mwaka 2010 Royal Society, chama kikongwe cha wanasayansi wa Uingereza, kilitoa taarifa juu ya safari ya wale wanaopata shahada ya uzamivu katika sayansi nchini humo. Katika kila 100, wapatao 53 walikwenda moja kwa moja kwenye kazi zilizo nje ya sayansi. Waliofikia kazi ya kudumu ya utafiti chuoni walikuwa kati ya 3 na 4. Waliofikia uprofesa hawakutimia hata 1 katika kila 200. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo katika nchi yenye vyuo vya karne nyingi na fedha nyingi za utafiti, ni dhahiri kwamba katika nchi changa mwanafunzi anayeutazama ualimu wa chuo kikuu kuwa mlango pekee anajifungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

STADI ZINAZOHAMISHIKA

Shahada hii, kwa sura iliyo nayo leo, ilikua katika vyuo vya Ujerumani katika karne ya 19, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Berlin kuanzishwa mwaka 1810. Chuo cha Yale kilitoa shahada za kwanza za aina hiyo Marekani mwaka 1861, na Oxford ikaikubali mwaka 1917. Kusudi lake lilikuwa ni kumwandaa mtu awezaye kulishika jambo ambalo bado halina jibu, alichunguze kwa utaratibu, na kulitolea jibu linaloweza kupimwa na wengine. Mtu wa namna hiyo anahitajiwa darasani. Lakini je, hahitajiwi katika mamlaka ya maji, katika kiwanda cha dawa, katika benki, katika halmashauri ya wilaya, au katika chama cha ushirika?

Ndipo yanapokuja maneno yanayosikika sana siku hizi, yaani stadi zinazohamishika. Maana yake si ngumu. Fundi seremala aliyezoea kupima mbao kabla ya kukata, akienda kujifunza kushona nguo, hafundishwi upya kwamba kipimo hutangulia mkasi. Atajifunza kitambaa, atajifunza cherehani, lakini ile nidhamu ya kupima amekuja nayo. Hiyo ndiyo stadi inayohamishika.

Uingereza ililitambua jambo hili mapema kidogo. Mwaka 2002 Sir Gareth Roberts aliiandikia serikali ya nchi hiyo taarifa iliyopendekeza kwamba kila mwanafunzi wa uzamivu apewe walau wiki 2 za mafunzo kila mwaka, hasa katika stadi hizo. Serikali ikatenga fedha, kiasi cha pauni milioni 20 kwa mwaka, na utaratibu huo ukaendelea hadi mwaka 2011. Mwaka 2010 shirika la Vitae lilitoa mwongozo uliozigawa stadi za mtafiti katika mafungu manne: maarifa na uwezo wa kufikiri, uwezo wa mtu kujiongoza mwenyewe, uendeshaji wa utafiti kwa kanuni na maadili, na kushirikiana na watu hadi kazi ilete mabadiliko. Ni vema kuona kwamba katika mafungu hayo manne, moja tu ndilo mwanafunzi hulitaja anapoulizwa amesomea nini.

MTAFITI WA KUPE NA WAPANDA MITI

Ushahidi wa haya upo hapa hapa kwetu. Mwaka 1971 Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia ngazi hiyo. Fani yake ilikuwa anatomia ya mifugo. Ukiitazama kwa jina, ni fani ya maabara, ya darubini na viungo vya ng'ombe, wala hakuna awezaye kusema kwamba jina hilo linanuka miti au vikundi vya akina mama.

Lakini katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1970 alikuwa akichunguza kupe waletao ndigana kali, na kazi hiyo ilimtoa maabara ikampeleka vijijini. Huko, wakati akikusanya kupe, aliona mito imejaa tope, ng'ombe wamekonda, na ardhi haina majani. Mtafiti asiye makini angalikusanya kupe wake akarudi mjini. Yeye aliyatazama yale ambayo hakutumwa kuyatazama, akafikia uamuzi kwamba kuharibika kwa ardhi ni hatari kubwa kwa mifugo kuliko kupe mwenyewe. Huo ni uwezo wa kuliona swali lililo nyuma ya swali, nao ndio kiini cha mafunzo ya uzamivu.

Mwaka 1977 akaanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani. Utaratibu wake ulikwenda hatua kwa hatua: kikundi kiundwe, kitalu kitafutwe, miche ihesabiwe, taarifa ziandikwe, kisha mashamba yatembelewe ili kuona miche iliyoshika. Akina mama walilipwa fedha kidogo kwa miche iliyoishi, si kwa ile iliyotiwa tu ardhini. Mtu yeyote aliyewahi kufanya utafiti ataitambua nidhamu hiyo: hesabu, kumbukumbu, ukaguzi, na matokeo yanayopimwa.

Mwaka 1982 aliacha ualimu wa chuo kikuu ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, na chuoni hakurudishwa. Kwa hiyo akajikuta hana ubunge wala ualimu. Cheo kilikwisha, lakini stadi hazikwenda na cheo. Alizichukua zote akaziweka katika harakati aliyoiasisi, na mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Mfano mwingine ni wa Tanzania. Mwele Malecela alipata shahada ya uzamivu London katika miaka ya 1990, akiwa mtafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Baadaye aliongoza mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, uliogawa dawa kwa mara ya kwanza kisiwani Mafia mwaka 2000. Mwaka 2010 akawa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na kuanzia mwaka 2018 hadi alipofariki mwaka 2022 aliongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, Geneva. Kugawa dawa kwa kisiwa kizima ni kazi ya aina gani? Ni kumshawishi mtu asiyejisikia mgonjwa ameze vidonge. Ni kupanga maboti, kuhesabu kaya, kuwafundisha wagawaji, na kujibu uvumi kabla haujaenea. Darubini haifanyi mambo hayo. Lakini mtafiti aliyekwisha kuketi na wanavijiji, akawaeleza ugonjwa kwa lugha yao na kupata ridhaa yao, amekwisha kuanza kujifunza.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hasara kubwa ya mwanafunzi wa uzamivu ni kwamba anayo mali, ila hana daftari lake.

Hebu afikiriwe mwanafunzi mmoja wa kubuni, aliyetafiti kwa nini visima vya vijijini huharibika mapema. Anaomba kazi katika mradi wa maji. Katika barua yake anaandika jina la tasnifu, mistari mitatu mizima, anataja nadharia aliyoifuata, na anaambatisha orodha ya makala zake. Mwajiri anasoma, anakuna kichwa, anaiweka barua pembeni. Hakuona humo mtu wa kumfanyia kazi.

Sasa lifunguliwe daftari la kazi za mwanafunzi huyo huyo. Aliomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia, akapeleka barua mkoani, wilayani, katani na kwa afisa mtendaji wa kila kijiji, na hakuna ofisi hata moja aliyoiruka. Aliajiri wakusanyaji 6 wa takwimu, akawafundisha kwa siku 4, akawasimamia katika vijiji 12. Bei ya mafuta ya pikipiki ilipopanda katikati ya kazi, alipanga upya safari ili fedha ya utafiti itoshe. Siku moja, akipitia madodoso usiku kwa taa ya chemli, aliona kwamba majibu ya kitongoji kimoja yanafanana mno. Akaenda mwenyewe asubuhi, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akagundua kwamba mkusanyaji mmoja alikaa chini ya mwembe akajaza madodoso kwa kubuni. Akayatupa yote, akarudia kazi, akapoteza wiki 3. Kisha akaketi miaka 2 na msimamizi aliyemrudishia sura ile ile mara 5, naye akaiandika tena mara 5 bila kugombana na mtu.

Ndugu wanafunzi, mradi wa maji unamhitaji nani zaidi ya mtu huyo? Anajua njia za serikali. Anajua kusimamia watu na fedha. Ana jicho la kutambua takwimu za uongo, na ana ujasiri wa kuzitupa hata zikimgharimu. Lakini katika barua yake hakuandika hata moja katika hayo, kwa kuwa aliyahesabu kuwa ni taabu za njiani, na tasnifu peke yake ndiyo aliyoiona kuwa kazi.

Kwa hiyo basi, la kwanza ni daftari. Kila mwisho wa mwezi, mwanafunzi aandike alichotenda: kitendo, kiasi, na matokeo. Aandike kwamba alisimamia watu 6, kwamba vijiji vilikuwa 12, kwamba madodoso ya kughushi yaligunduliwa na kurudiwa, na kwamba fedha ilitosha. Maneno matupu kama vile "ni mchapa kazi" au "ana uwezo mkubwa wa mawasiliano" hayamsaidii, maana kila mwombaji anayo, na hakuna awezaye kuyapima.

La pili ni kulisoma tangazo la kazi kwa makini kama anavyosoma makala ya kitaalamu. Tangazo huwa na majukumu ya kazi, moja baada ya jingine. Kila jukumu ni swali. Mwombaji achukue daftari lake, alijibu kila swali kwa tendo moja la kweli. Wasifu wa kurasa 12 unaofaa kwa kamati ya wanazuoni ufupishwe uwe kurasa 2, na yale yanayomhusu mwajiri yatangulie.

La tatu ni kujifunza kusema kwa ufupi. Mwanafunzi aliyezoea kuzungumza saa nzima juu ya sura ya nne ya tasnifu yake ajaribu kumweleza mzee wa kijiji, kwa dakika 5, alichotafuta, alichokipata na kinafaa nini. Na hapa upo wajibu ambao wengi huukwepa. Vijiji vyetu vimechoka na watafiti waletao maswali na wasioleta majibu. Mtafiti anayerudi kijijini kutoa mrejesho anatimiza ahadi, na papo hapo anajifunza stadi ambayo hakuna semina itakayomfundisha vizuri zaidi.

KASORO ZITAJWE PIA

Ingekuwa ni udanganyifu kusema kwamba uzamivu hufundisha kila kitu. Kuna mambo haufundishi, na mengine huyaharibu. Tasnifu humzoeza mtu kufanya kazi peke yake kwa muda mrefu. Ofisi hutaka kazi ya pamoja. Tasnifu huvumilia kuchelewa; ofisi huhitaji ukurasa mmoja kesho saa 2 asubuhi, hata kama ukweli wote haujapatikana. Tasnifu ni ya mwandishi mmoja. Taarifa ya ofisi huandikwa na watano na kutiwa sahihi na wa sita. Mwanafunzi atakayejidai kwamba yote hayo anayaweza atafichuliwa mwezi wa kwanza. Afadhali aungame upungufu wake na aanze kuuondoa mapema, kwa kushika uhazini wa chama cha wanafunzi, kwa kuandika makala fupi gazetini, au kwa kujitolea likizo katika ofisi ambayo hana udugu nayo.

Kisha lipo suala la unyenyekevu. Katika usaili mwombaji huulizwa, "Umesoma sana, kwa nini unataka kazi hii?" Nyuma ya swali hilo ipo hofu: kwamba daktari huyu atawadharau wenzake, au ataondoka mara apatapo nafasi chuoni. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuificha shahada, kama wafanyavyo baadhi ya watu waliokata tamaa. Huondolewa kwa jibu la kweli juu ya kazi yenyewe, na kwa mwenendo wa mtu aliye tayari kupokea maagizo ya mkuu wa kazi mwenye shahada moja na uzoefu wa miaka 20. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

WAJIBU WA VYUO NA WAAJIRI

Si haki kumtwika mwanafunzi mzigo wote. Wamo wasimamizi wanaomwona mwanafunzi atakaye kazi nje ya chuo kuwa ni mtoro au mtu aliyeshindwa. Fikra hizo zimepitwa na wakati. Msimamizi anayejivunia wanafunzi wake walio maprofesa na ajivunie vile vile aliye katika mamlaka ya maji, kwa kuwa wote wawili wanatumia mafunzo yake.

Vyuo navyo vipange mafunzo haya ndani ya miaka ya masomo, toka mwaka wa kwanza, wala visingoje wiki ya mwisho kabla ya mahafali. Mafunzo hayo yawe kazi halisi: mwanafunzi akabidhiwe bajeti ndogo aitolee hesabu, apelekwe miezi kadhaa katika taasisi ya umma au ya binafsi, aandike mukhtasari wa sera unaosomwa na ofisa anayehusika. Semina ya siku moja inayokwisha kwa chai na cheti itampa mwanafunzi karatasi nyingine ya kuambatisha, basi.

Waajiri pia wajirekebishe. Wapo wanaolalamika kwamba hawana watu wa kutathmini miradi, huku barua za watu hao zimo katika makabati yao, zimewekwa kando kwa sababu ya neno "Daktari" lililo mbele ya jina. Wamwulize mwombaji alichowahi kutenda, ndipo waamue.

Ndugu wanafunzi, wapo wanaoshikilia msemo wa zamani kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muda mrefu wasomi waliishi kwa msemo huo, kwa kuwa mnunuzi alikuwa mmoja na alikuwa akiwajua. Sasa wanunuzi ni wengi na hawawajui. Kukieleza chema kwa kweli, bila kutia chumvi, si majivuno.

Na yapo madai mengine ambayo hayafai kusahauliwa. Yule mama wa kijijini aliyeulizwa habari za kisima aliweka jembe chini, akatoa saa nzima ya siku yake kumjibu mgeni, bila malipo, akiamini kwamba itatokea faida. Saa ya mama huyo imo ndani ya kila tasnifu. Daktari anayekaa nyumbani miaka 3 akingoja kiti cha uhadhiri, huku kisima cha kijiji kile bado kimekufa na mradi unatafuta mtu, hajajinyima mshahara peke yake. Saa ya yule mama nayo bado haijalipwa.